Tundu la Tisa

Nilimwita fundi wa sola aje kupanda paa, naye akaja akakaa kwenye kochi. Alitoa kipimajoto kidogo mkobani, akakitundika kwenye msumari wa kalenda chumbani kwa baba mkwe wangu, akarudi sebuleni, akavua viatu.

"Dada, endelea na shughuli zako kama vile sipo," akasema. "Feni washa, pasi washa, friji fungua kama unavyofungua siku zote. Mimi nipo mpaka saa kumi na moja."

Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumatatu. Ijumaa baba alitakiwa kutoka hospitali. Nilikuwa na siku nne za kuandaa nyumba, na siku moja nzima kati ya hizo mgeni wangu alikuwa amepanga kuikalia kitako. Mimi sina subira, na sijawahi kulificha hilo. Kidogo nimuulize kama amekuja kufunga umeme au amekuja kumposea kaka yake, ila niliambiwa mwanamke huyu ndiye fundi bora mjini, nikaumeza ulimi, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Tatizo letu lilikuwa hili. Baba mkwe wangu alikuwa mwashi tangu ujanani, na watu walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye risasi wanayoning'iniza mafundi kuona kama ukuta umesimama wima. Miaka arobaini ya saruji na chokaa ilikuwa imemkalia mapafuni. Daktari alisema ataishi, tena vizuri tu, mradi awe na mashine ya oksijeni karibu naye mchana na usiku. Nesi wa wodi, mama mmoja asiyecheka ovyo, akatupa masharti mawili. La kwanza, umeme usikatike. La pili, chumba kisizidi nyuzi thelathini, kwa sababu mashine yenyewe ikizidiwa na joto hupiga kelele kisha hujizima.

Mtaani kwetu umeme ulikuwa unakatika kila siku kama dozi, na chumba cha baba mchana hakikaliki.

Tukishindwa, angekwenda kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye anakaa ghorofa ya nne kwenye jengo lenye jenereta, vyumba vikubwa, upepo wa bure. Ni mtoto wa baba wa kumzaa, na anampenda. Nisingekuwa na neno. Ila baba alipoambiwa alitazama dari la wodi kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa haimtoshi: "Ngazi zile mimi nitazipanda mara moja tu. Siku ya kushuka nitakuwa nimebebwa."

Nyumba tuliyokaa aliijenga kwa mikono yake, Jumapili baada ya Jumapili, baada ya kujenga za wengine wiki nzima. Aliomba kitu kimoja tu, kurudi kukaa humo.

Mume wangu ni dereva wa lori na wakati huo alikuwa safarini, kwa hiyo shughuli yote iliniangukia mimi. Sikulalamika. Nilipoolewa katika nyumba ile, yatima mwenye cherehani na sanduku moja, baba yule alinipokea mlangoni, akalibeba sanduku mwenyewe mpaka ndani. Watu wamewahi kunipa vitu vikubwa kuliko hivyo, lakini hicho ndicho ninachokikumbuka.

Basi fundi akakaa. Wenzake humwita Kivuli, na mchana ule nikajua kwa nini. Saa sita alitoka nje, akazunguka nyumba mara tatu macho yakiwa chini, kama mtu aliyedondosha hereni. Alikuwa anatafuta vivuli. Akachora kwa chaki pale kivuli cha tangi la maji la jirani kinapofika, akarudi saa nane, akachora tena. Saa tisa akaniita chumbani kwa baba.

"Soma, dada."

Nikasoma. Nyuzi thelathini na saba.

"Nyumba hii ina homa," akasema Kivuli. "Mimi sifungi sola kwenye nyumba yenye homa. Tunatibu homa kwanza."

"Fundi, mimi naomba sola, sijaomba panadol. Si uongeze paneli tu?"

Akacheka, lakini hakuudhika. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemgawia mtoto chakula. Mashine ya baba ni mlaji asiyepumzika, inakula mchana kutwa na usiku kucha. Paa langu ni hilohilo, na upande wa barabarani kivuli cha tangi kinalifunika kuanzia saa saba. Paneli zinazobaki zikilisha mashine peke yake, betri itafika asubuhi. Zikilisha mashine pamoja na feni tatu za kupambana na joto, friji kuukuu inayohema, na pasi ya fundi cherehani, betri itakata roho saa nane za usiku. "Sasa hapo nani atabaki anapumua?" akauliza.

Nikaenda kuzima pasi. Mimi kutii ni habari.

Akaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, juu karibu na dari, akitega sikio. Ko, ko, ko. Kisha pu. Akarudia. Pu.

"Nyumba hii nani aliijenga?"

"Baba mwenyewe."

"Ninastaajabu. Kuta nene namna hii, msingi umeinuliwa vizuri, veranda upande unaostahili. Mtu aliyejenga hivi alijua kazi yake. Mjenzi wa namna hii hawezi kusahau matundu ya hewa." Akagonga tena. Pu. "Na hakusahau. Kuna mtu ameyaziba."

Joto lote la chumba kile likanihamia usoni.

Miaka saba nyuma, baba alikwenda kumuuguza kaka yake, akakaa huko wiki tatu. Mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumfanyia jambo zuri la kumshangaza. Nilikuwa nimepata zabuni ya kushona sare za shule, mfuko ulikuwa umenona, na nilikuwa nimechoka kuona matundu yale juu ya kila ukuta, buibui wamejenga, vumbi linaingia, mjusi anachungulia wageni wangu. Nikaleta kijana wa plasta nikamwambia ziba. Ziba lile, na lile, na lile pale. Nikapandisha dari la mbao chini ya lile la zamani, la kisasa, lenye maua. Bati nikalipaka rangi ya damu ya mzee kwa sababu nyumba zote za maana zilikuwa na rangi hiyo. Upande wa magharibi nikatoa madirisha madogo ya mbao, nikaweka vioo vikubwa vya kusukuma. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba mpaka pua za nyumba.

Baba aliporudi alipita chumba hadi chumba akigusa kuta kwa kiganja. Mimi nyuma yake, natabasamu, nasubiri.

"Baba, imependeza?"

"Imependeza, mama," akasema. "Imependeza sana."

Tangu mwaka ule, miezi ya joto ikifika, baba alikuwa anatoa kitanda chake cha kamba verandani. Tulipomuuliza alisema analinda cherehani yangu dhidi ya wezi. Na mimi, akili zangu hizi, niliwasimulia wateja kwamba nina mlinzi wa bure.

"Ni mimi," nikamwambia Kivuli. "Niliyaziba mimi."

Hakunisuta. Akaniuliza tu kama nakumbuka yalikuwa wapi. Sikukumbuka. Plasta ilikuwa imefunika kila kitu, na kugonga kote kungeweza kula wiki. Hapo ndipo nilipompigia simu wifi, aliyekuwa kando ya kitanda cha baba.

"Wifi, hebu muulize baba matundu ya hewa ya nyumba yalikuwa sehemu gani."

"Matundu gani tena? Wewe si uliyafuta ukasema ni ushamba?"

"Wifi, nitukane kesho. Leo muulize."

Nikamsikia akimuuliza. Halafu ikaja sauti ya mashine ya wodini. Kisha sauti ya baba, nyembamba, ikaja yenyewe.

"Chukua... karatasi."

Nikachukua chaki.

"Chumba changu. Kona ya mashariki. Toka hapo shubiri saba. Kozi ya pili... kutoka juu." Akapumua. "Ukuta wa pili. Shubiri nne. Kozi hiyohiyo."

Kozi ni safu ya tofali, hilo najua, huwezi kukaa na mwashi miaka ishirini usijue. Lakini shubiri ni za mkono wa nani? Nikamuuliza.

"Za kwangu. Za kwako sita... ndizo tano zangu."

Alikuwa anaujua mkono wangu. Sikuwa na muda wa kulia, nikaandika ukutani. Chumba kwa chumba, pumzi kwa pumzi, alitutajia matundu manane, na wifi ambaye kwa kawaida hana simile alikuwa anamwambia taratibu, baba pumzika, baba kunywa maji, hatuna haraka. Kivuli alipiga patasi mahali pa kwanza. Shubiri saba, kozi ya pili. Plasta ikadondoka kipande kizima, na nyuma yake tundu, limesimama wima kama lilivyojengwa. Chini yake, kwenye udongo wa saruji ya zamani, kulikuwa na alama ya dole gumba.

"Sahihi yake," Kivuli akasema. "Mafundi wa zamani hao. Aliacha alama ili ajue alipopita."

Siku tatu zilizofuata sikushona nguo ya mtu. Wateja walikasirika, nikawakasirikia zaidi. Tuliyafungua yote manane, kila moja na dole gumba lake, tukayatia wavu wa mbu, jambo ambalo lingetosha miaka saba iliyopita kama ningekuwa na akili ya kuuliza. Dari langu la maua likashuka. Lile la zamani, la juu zaidi, lilikuwa bado zima, na mwisho wa paa kila upande kulikuwa na uwazi wa kutolea joto, nao nilikuwa nimeupigilia mbao. Bati likapakwa rangi nyeupe. Mwanamke wa nyumba ya pili akaja kuniuliza kama nafungua zahanati.

Paneli zikaenda upande wa nyuma. Hapo tulivutana kidogo, nasema ukweli. Mimi nilitaka ziwe mbele, angalau mtaa uone.

"Dada, paneli zinatazama jua," Kivuli akasema. "Hazitazami wapita njia."

Kwa yale madirisha ya vioo ya magharibi hakukuwa na wakati wa kuyabadilisha. Kivuli akasema yanahitaji kivuli kwa nje, kabla jua halijagusa kioo, siyo pazia la ndani, maana joto likishaingia limeshaingia. Hapo nikaona kazi yangu. Nikashona turubai zito, mshono mara mbili, nikalitia pete za chuma na kamba, likafungwa juu ya madirisha kama ukingo wa kofia. Ndicho kitu pekee nilichochangia ambacho hakikuwa kosa. Pasi tukakubaliana: naiwasha saa tano hadi saa nane tu, jua likiwa limewiva. Friji kuukuu ikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kila jioni baba alikuwa anauliza kwa simu: "Mangapi?"

"Matatu, baba." "Sita, baba." Jumatano jioni nikamwambia, "Yote manane, baba. Tumemaliza."

Akasema, "Manane. Haya. Lingine nitawaonyesha mwenyewe."

Nikajua akili imeanza kuchoka na dawa.

Alhamisi saa tisa nesi alikuja mwenyewe, na kipimajoto chake mwenyewe, kwa sababu ni mtu asiyeamini vipimajoto vya watu. Akakiweka juu ya kitanda cha baba, akatoa saa, akakaa. Mimi nikasimama mlangoni nikiwa nimeshika pindo la gauni langu. Nje jua lilikuwa la kuchemsha bati. Ndani mapazia yalikuwa yanatikisika kidogo, jambo ambalo sikuwa nimeliona miaka saba. Nesi akasoma, akasoma tena.

"Ishirini na nane," akasema. "Mlifunga kiyoyozi?"

"Hapana. Tumefungua matundu."

Akatazama juu, akaliona tundu, akaliona na dole gumba. Akatoa fomu akatia saini. Nikamkumbatia kabla hajajiandaa, kalamu ikamchora shavuni, na ndipo nikamwona akicheka.

Ijumaa baba akarudi. Alishuka kwenye gari akiwa amemshika wifi upande mmoja na mimi upande mwingine, akasimama uani, akalitazama bati jeupe, akalitazama turubai.

"Shikamoo baba. Karibu nyumbani," nikasema, ingawa tulikuwa tumetoka naye hospitali pamoja.

"Marahaba, mama. Nani alishona kofia hiyo?"

"Mimi, baba."

"Imenyooka," akasema. Kutoka kwa Timazi hiyo ni nishani.

Tukamkalisha kitini chumbani, mashine ikawashwa, mrija ukawekwa puani. Muda si mrefu, redio ya kinyozi wa jirani ikanyamaza ghafla, na mtaa mzima ukatoa ule mguno tunaoujua sote. Umeme umekatika. Wifi akaruka kwenye kiti. Sote tukaitazama mashine. Iliendelea kukoroma polepole kama paka aliyeshiba. Kivuli, aliyekuwa amekuja kuhakikisha kazi yake, hakuinua hata kichwa kwenye kikombe chake cha chai. Wifi akaanza kucheka na machozi yanamtoka, akamwambia Kivuli, "Mungu akupe maisha marefu, dada. Akupe na mume kama hujapata."

Kucheka kulipotulia, nikapiga magoti mbele ya kiti cha baba. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yakanipotea yote.

"Baba, nisamehe. Ulilala nje miaka saba kwa ajili ya ujinga wangu. Kwa nini hukuniambia?"

Akafikiri kidogo, akivuta hewa yake.

"Uliniuliza kama imependeza," akasema. "Ilikuwa imependeza. Na ulikuwa umefurahi, mama. Tangu uje hapa sikuwahi kukuona umefurahi hivyo. Sasa ningesema nini?"

Wifi akageuka ukutani. Mimi nikalia bila aibu, na sijui nilisema asante mara ngapi, kwa baba, kwa Kivuli, kwa mashine, hata kwa yule nesi ambaye hakuwepo.

"Basi," baba akasema. "Nipelekeni nikaonyeshe lile lingine."

Kumbe akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu. Tulimsogeza na kiti chake, Kivuli akiburuta mashine nyuma, mpaka chumba cha mbele, chumba changu cha kushonea. Akaelekeza kidole chini ya meza ya cherehani.

"Sogeza hilo kapu la vitambaa. Kozi ya kwanza kutoka chini. Shubiri tatu toka mlangoni." Akanitazama. "Za kwako."

Nikachukua patasi na nyundo yake ya zamani, nikaingia chini ya meza kwa magoti. Sikutaka Kivuli anisaidie. Nilipiga vibaya mara mbili, baba akasema "legeza mkono," nikalegeza. Plasta ikatoka. Nyuma yake tundu, pana kuliko yale mengine, likitazama upande wa veranda ambako hakuna jua kutwa.

Dole gumba lilikuwa juu yake. Na kando ya dole, yamekwaruzwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, kulikuwa na maandishi. Nikafuta vumbi kwa kidole. Ilikuwa tarehe. Tarehe ya kuzaliwa binti yangu wa kwanza.

Nikakumbuka. Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ile, mimba kubwa, miguu imevimba, nashona chumbani humo huku jasho linadondokea kitambaa. Sikumwambia mtu, nilikuwa bibi harusi, ningelalamika kwa nani? Nilikwenda kujifungua, niliporudi na mtoto nikaona chumba kimekuwa na kaubaridi chini, miguuni, na nikamshukuru Mungu kwamba msimu umebadilika. Miaka kumi na mitatu niliukalia upepo ule. Kisha nikaleta kijana wa plasta.

"Ulikuwa hospitali," baba akasema juu yangu. "Nikapata siku mbili."

Sikuweza kutoka chini ya meza. Nilikaa humo kama mtoto, mkono kwenye tarehe ile.

"Asante, baba," nikasema. "Asante. Sikujua."

"Haya. Toka huko, kaa kwenye kiti chako." Nikatoka, nikakaa mbele ya cherehani, vumbi kichwani, pua inavuja. "Vua viatu. Weka miguu pale."

Nikavua viatu, nikaweka miguu. Upepo ulikuwa unaingia.